Ndege Haidanganywi

Ushuhuda wa mekanisien mzee, kwa vijana wanaotumika kazi ya mikono

Jumatano moja, kiisha maombi ya jioni, kijana mmoja wa kwaya alibaki kwenye kiti chake. Wengine walikuwa wametoka, mashemasi walikuwa wanafunga madirisha, yeye angali ameketi. Kijana huyo anatumika katika garaji ya kampani moja ya machimbo. Kazi yake ni kuangalia makamyo makubwa yanayoshuka katika karieri kuchukua mawe. Ana bibi na watoto wawili, na baba yake ni mgonjwa. Nikaenda kuketi karibu naye. Akasema:

"Pasta, kila kamyo iko na fomu yake. Mbele itoke, tunapima breki, tunaandika, tunasinye. Sasa kazi ni mingi, kamyo zinangojewa kule chini. Shefu anasema: sinye tu, utapima kesho. Wenzangu wanasinye. Miye nikikataa, mwisho wa mwezi sina kazi. Nikisinye, ni zambi?"

Ndugu wasomaji, nakiri mbele yenu: sikumjibu mara moja. Ni rahisi mchungaji aseme "usidanganye" wakati si mchungaji atakayekosa unga nyumbani. Tuliomba pamoja, nikamwambia arudi Jumamosi. Nilipokuwa njiani nikakumbuka Papa mmoja wa kanisa letu, anayeketi siku zote kwenye benchi ya tatu, upande wa dirisha. Mzee huyu alitumika miaka mingi kwenye ndege kubwa. Jumamosi nilimchukua kijana, tukaenda kwake.

Papa alikubali niandike maneno yake, lakini ameomba nisitaje jina lake, wala kampani zilizomlipa. "Kampani zilikuwa zaidi ya moja," alisema, "na makosa nitakayosema yalikuwa yangu."

NDEGE YENYE MOTERI TATU

Vijana wa leo hawakuiona DC-10. Ndege hiyo ilitengenezwa Marekani na kampani ya McDonnell Douglas. Iliruka mara ya kwanza tarehe 29 Agosti 1970, na mwaka uliofuata ikaanza kuchukua abiria. Ilikuwa moja kati ya ndege za kwanza zenye mwili mpana, yaani ndani yake mna njia mbili za kupita kati ya viti, si njia moja. Iliweza kubeba watu 250, hata zaidi ya 350, ikitegemea namna viti vilivyopangwa.

Hata sisi tulikuwa nazo. Wakati nchi yetu ilipoitwa Zaïre, kampani ya taifa Air Zaïre ilikuwa na ndege za DC-10 tangu miaka ya 1970. Tena kuanzia mwaka 1973 mpaka 1975 ilikodi Boeing 747 moja ya kampani ya Pan Am ya Marekani. Wazee waliokuwa Kinshasa wakati ule wanakumbuka ndege hizo. Air Zaïre yenyewe ilifilisika mwaka 1995.

Papa alinyosha mikono yake kutuonyesha ukubwa. "Moteri mbili zilikuwa chini ya mabawa, moja kila upande. Ya tatu ilikuwa nyuma kabisa, juu, katika mkia. Kuifikia, tulipanda ngazi kupita paa la nyumba ya orofa. Mdomo wa moteri ulikuwa na upana wa zaidi ya meta mbili. Mutu mzima angeweza kusimama ndani bila kuinama. Na ile ya safari ndefu, DC-10-30, ilipojaa mafuta na watu, uzito wake ulipita tani 250. Ilikuwa na magurudumu 12. Miye mutoto wa kijiji, siku ya kwanza nilisimama chini ya tumbo lake nikasema: Bwana, kitu hiki kitaruka namna gani?"

Kijana alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu Jumatano.

MTU WA TATU

Papa alianza chini, kwa kuosha vyombo na kubadilisha magurudumu. Alisoma, alifaulu mitihani, akapanda. Kiisha miaka akawa mekanisien wa ndani ya ndege. Siku hizi katika ndege kubwa kuna marubani wawili tu mbele, na ordinateri zinawasaidia. Lakini katika DC-10 kulikuwa mtu wa tatu. Aliketi nyuma ya marubani, na upande wa kuume alikuwa na ubao uliojaa saa ndogo na taa. Yeye ndiye aliyechunga mafuta, umeme, idroliki na hewa ya kupumua. Mafuta yakipunguka katika tanki moja kupita nyingine, yeye aliyasawazisha. Taa nyekundu ikiwaka, yeye alikuwa wa kwanza kusema.

"Usiku mmoja tulikuwa juu ya Sahara," Papa alisimulia. "Kila kitu kilikuwa kizuri. Niliomba ruhusa kwa komanda, nikatoka kunyosha miguu. Nikapita katikati ya viti. Watu zaidi ya 200 walikuwa wamelala. Mama mmoja alikuwa na mutoto kifuani, mutoto mdomo wazi. Hakuna hata mmoja wao aliyejua jina langu. Hakuna aliyejua majina ya wale waliofunga visikuru pale chini. Nikafahamu jambo moja: watu hawa wamelala juu ya sahihi zetu. Kama sahihi ni ya kweli, wanalala salama. Kama ni ya uongo, wanalala vilevile, kwa sababu hawajui."

Hapo alimtazama kijana. "Njo vile hata wewe, mutoto yangu. Mutu wa kamyo anashuka katika karieri akiimba. Anaimba juu ya sahihi yako."

KLE MOJA NDOGO

Kijana akauliza: "Papa, weye haukusinye uongo hata siku moja?"

Mzee alinyamaza. Bibi yake alikuwa anachagua mchele karibu na mlango, akainua macho, akasema: "Mwambie."

Papa akatuambia. Zamani, alipokuwa angali mekanisien wa chini, walibadilisha pampu ya idroliki kwenye moteri moja usiku, mvua ikinyesha. Sheria ya kazi ni hii: mbele ya kufunga kifuniko, kila mtu anahesabu vyombo vyake. Kila kle na kila turnavisi kina fasi yake katika sanduku. Fasi moja ikiwa wazi, hakuna kufunga. Usiku ule alikuwa amechoka. Akafunga kifuniko, akaandika katika kaye ya ndege kwamba kazi imekwisha na vyombo vimehesabiwa, akasinye, akaenda nyumbani.

"Saa nane ya usiku nikaamka. Sikuota. Nilikumbuka tu mkono wangu ukiweka kle ndogo juu ya bomba kusudi nishike torshi. Sikukumbuka mkono ukiichukua tena. Nilichukua kinga, nikarudi uwanjani usiku uleule. Nikafungua sanduku. Fasi moja ilikuwa wazi."

Ndege ilipaswa kuruka asubuhi mapema. Papa alikuwa na njia mbili. Angeweza kunyamaza na kuomba Mungu kle isitikisike. Au angeweza kumwamsha shefu na kusema: nimedanganya. Alimwamsha. Wakafungua kifuniko. Kle ilikuwa palepale, juu ya bomba. Abiria walingoja saa mbili, wakakasirika, na hakuna aliyejua sababu. Shefu hakumtukana. Alimpa kalamu tu, akasema: "Andika vile ilikuwa." Akaandika. Akakatwa mshahara wa siku 15.

"Nilinung'unika mimi!" bibi yake akasema. "Lakini tulikula. Jirani alitupa unga."

Papa akaendelea: "Tangu siku ile nafahamu. Unaweza kudanganya shefu. Unaweza kudanganya kaye. Ndege haidanganywi. Inapanda juu na kile ulichofanya. Haipandi na kile ulichoandika."

MIHURI YA UONGO

Kisha akatupa masomo mawili ambayo mamekanisien wa DC-10 walifundishwa ulimwenguni pote, kwa sababu yalilipwa kwa damu.

La kwanza ni la mlango. Mlango wa nyuma wa mizigo wa DC-10 ulifunguka kwa nje, na ulishikwa na kulabu. Ubaya ulikuwa huu: mtu aliweza kusukuma mkono wa mlango kwa nguvu, ukaonekana umefungwa, kumbe kulabu hazijashika vizuri. Tarehe 12 Juni 1972, ndege ya kampani ya American Airlines ilipopita juu ya Windsor, katika Kanada, mlango huo ulitoka angani. Sakafu ya nyuma ikaanguka kwa sehemu, na nyaya za kuongoza ndege zikaharibika. Komanda Bryce McCormick aliweza kuishusha Detroit, na watu wote 67 waliokuwa ndani waliokoka.

Mungu aliwapa watu onyo. Wangefanya nini? Mafundi walipendekeza dirisha dogo la kuchungulia kulabu, na kipande cha chuma cha kuimarisha kifungio. Lakini serikali haikulazimisha kwa amri kali. Ilikuwa mapatano tu na watengenezaji. Ndege moja iliyokuwa bado katika kiwanda, huko Long Beach, California, iliuzwa kwa kampani ya Uturuki. Katika makaratasi yake, mihuri ya wakaguzi ilishuhudia kwamba kile kipande cha chuma kimewekwa. Hakikuwekwa.

Tarehe 3 Machi 1974 ndege hiyo iliondoka Paris kwenda London. Mlango ukatoka angani, sakafu ikaanguka, nyaya zote muhimu zikakatika. Ndege ikaanguka katika msitu wa Ermenonville. Watu 346 walikufa, hakuna aliyepona.

Yule mfanyakazi aliyefunga mlango Paris alilaumiwa sana mwanzoni. Lakini maelezo yaliyobandikwa karibu na mlango yalikuwa kwa Kiingereza na Kituruki, lugha ambazo hakuzisoma, na hakufundishwa kuchungulia katika kile kidirisha. Papa alitikisa kichwa. "Mutu mdogo ndiye alinyoshewa kidole. Lakini uongo ulikuwa umeandikwa zamani, katika biro safi, na watu wenye mihuri."

MASAA MIA MBILI

Somo la pili ni la Chicago. Mtengenezaji aliagiza hivi: ukitaka kushusha moteri ya bawa pamoja na mhimili wake, yaani chuma kinachoishikilia chini ya bawa, toa moteri kwanza, kisha toa mhimili. Ni kazi ndefu. Katika garaji ya Tulsa, watu waliona njia ya mkato: kushusha vyote pamoja, vikibebwa na mashine ya kunyanyua mizigo. Njia hiyo iliokoa karibu masaa 200 ya kazi kwa kila ndege. Lakini mashine ya mizigo haiko na mkono mwepesi. Ikicheza kidogo tu, chuma cha mhimili kinagonga bawa na kupata ufa ambao jicho halioni upesi.

Mwisho wa Machi 1979 ndege moja ilitengenezwa hivyo. Ikaruka karibu wiki nane, na ufa ukaendelea kukua. Tarehe 25 Mei 1979, ilipokuwa inaacha ardhi Chicago, moteri ya kushoto iling'oka na mhimili wake. Watu 271 waliokuwa ndani walikufa, na wawili waliokuwa chini. Ndege za DC-10 zikasimamishwa mwezi Juni, na zilipochunguzwa, nyufa za namna ileile zikapatikana katika ndege nyingine.

"Hakuna aliyetaka kuua," Papa alisema. "Walitaka kumaliza kazi upesi. Shefu wako pia, sizani ni mutu mubaya. Anataka makamyo yashuke."

MIKONO MINNE

Nilimwuliza Papa kama hana habari njema hata moja juu ya ndege hiyo. Akasema iko, lakini ni ya machozi na furaha pamoja.

Tarehe 19 Julai 1989, DC-10 ya United Airlines ilitoka Denver kwenda Chicago. Moteri ya mkia ilipasuka angani. Gurudumu lake kubwa la mbele lilikuwa na kasoro katika chuma tangu lilipotengenezwa mwaka 1971. Ufa ulikuwa umekua, na wakati wa kukaguliwa katika garaji haukuonekana. Vipande vilikata mabomba ya idroliki yote matatu. Usukani ukawa kitu bure.

Komanda Al Haynes hakuona haya kukubali msaada. Rubani mwalimu aliyekuwa amepanda kama abiria, Dennis Fitch, alikuja mbele, akashika mikono ya moteri mbili zilizobaki. Watu wanne walitumika pamoja, mtu wa tatu akiwa kati yao, wakigeuza ndege kwa kuongeza na kupunguza nguvu za moteri tu. Walifika Sioux City, wakaanguka kwenye uwanja. Watu 296 walikuwa ndani. 112 walikufa. 184 waliokoka.

"Kosa la wale waliokagua lilikuwa limefichwa," Papa alisema. "Lakini ona: wale wanne hawakuuliza kosa ni la nani. Walibeba mzigo pamoja."

NDEGE ZIMEKWISHA

Leo zile ndege za ujana wa Papa zimestaafu kama yeye. Safari ya mwisho ya DC-10 ya kuchukua abiria kwa ratiba ilikuwa ya kampani ya Biman ya Bangladesh, Februari 2014. Moja ya DC-10 za kwanza kabisa ilitumika tangu 1994 mpaka 2016 kama hospitali ya macho ya shirika la Orbis, ikizunguka nchi maskini. Na ile Boeing 747 ambayo Air Zaïre ilikodi? Ilirudi Pan Am, ikauzwa, ikakatwa vipande mwaka 1999, ikapelekwa Korea ya Kusini kuwa nyumba ya kulia chakula. Watu hawakuja kula vya kutosha. Mwaka 2010 ikavunjwa.

Chuma kinakwisha. Lakini watu waliobebwa wakafika salama, na watoto wao, na wajukuu wao, wangali wako.

KIJANA ALIFANYA NINI

Katika sheria ya Musa kuna neno ambalo hatulihubiri mara nyingi (Kumbukumbu la Torati 22:8). Anayejenga nyumba mpya anaagizwa kuweka ukingo juu ya dari, kusudi mtu asianguke. Asipouweka, Mungu anamhesabia damu ya yule aliyeanguka. Basi kupima breki ni kuweka ukingo. Ni ibada, hata kama mikono imejaa grisi.

Kijana alirudi kazini Jumatatu. Shefu aliposema "sinye", aliomba nusu saa apime. Shefu akakataa. Kijana akachukua kalamu, akaandika katika fomu: "Breki hazikupimwa." Akatia sahihi yake chini ya maneno hayo. Mwingine akaandika fomu mpya, na kamyo likatoka.

Ningependa kuwaambia kwamba kampani ilimsifu. Haikuwa hivyo. Mwisho wa mwezi kontra yake haikuendelea. Na kamyo lile halikupata ajali. Labda breki zilikuwa nzuri. Kijana hana kitu cha kuonyesha wenzake kwamba alikuwa na haki, na wengine wanamcheka. Leo anatengeneza pikipiki karibu na soko, na anapata kidogo.

Jumapili iliyofuata sikuhubiri juu ya uaminifu wake. Nilizungumza na wazee wa kanisa juu ya uaminifu wetu. Tunafundisha vijana wasiseme uongo. Vema. Lakini ikiwa kijana anatii, akakosa mshahara, na sisi tunamwambia tu "tutakuombea", basi sisi pia tumetia sahihi juu ya kazi ambayo hatukufanya. Tumesinye kwamba tu jamaa moja, na breki hazikupimwa.

Wamama wa kanisa hawakungoja mkutano wa pili. Waliweka mfuko wa unga nyumbani kwake, na dawa ya baba yake. Papa alimpa sanduku lake la zamani la vyombo. Kila kle iko na fasi yake ndani. Kijana ameniambia kwamba kila jioni, mbele ya kufunga, anahesabu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika kazi yenu, ni nani anayelala juu ya sahihi yenu bila kuwajua?

2. Someni Luka 16:10 na Wagalatia 6:2. Maneno haya mawili yanakutana namna gani katika habari ya kijana huyu?

3. Kama mtoto wenu atakosa kazi kwa sababu ya kusema kweli, nyumba yenu itamfanyia nini? Kanisa lenu litamfanyia nini?